Kumpokea Mtu kwa Dhamana ya Taasisi Yake: Mwongozo kwa Watengenezaji wa Programu za Wavuti

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi wa programu ambaye, akiwa Mwanhuzi, Bariadi au Maswa, amekabidhiwa kazi ya kutengeneza programu ya wavuti itakayotumiwa na watu wa taasisi mbalimbali, naye anajiuliza kama kila mmoja wao hana budi kufunguliwa akaunti mpya na kupewa nywila nyingine juu ya zile zilizokwisha kumlemea. Jawabu ni kwamba si lazima, wala si jambo la heri, maadamu iko njia iliyokwisha kujaribiwa katika nchi nyingi, ambayo kwayo programu yako humkubali mtu kwa dhamana ya taasisi inayomjua, bila ya wewe kuiona nywila yake wala kuihifadhi.

Tuchukue mfano ili maneno yasibaki hewani. Wilaya ya Meatu, ambayo makao yake makuu ni Mwanhuzi, ni nchi ya pamba. Na tuseme umeombwa kutengeneza daftari la msimu, ambamo karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ataandika kilo za pamba mbegu zilizopimwa kwa kila mkulima, afisa ugani wa halmashauri atasoma ili ajue vijiji vilivyopungukiwa viuatilifu, mkaguzi atokaye Bariadi atalinganisha hesabu, na mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja kwa utafiti ataruhusiwa kuona jumla tu pasi na majina ya watu. Afisa ugani tayari ana akaunti ya kiofisi, mwanafunzi ana akaunti ya chuo, na karani aghalabu hana kitu ghairi ya simu yake. Ukimpa kila mmoja nywila mpya, yatakayotokea hayahitaji utabiri: nywila zitaandikwa nyuma ya daftari la risiti, wawili watatu watatumia akaunti moja, na mtumishi aliyehamishiwa Itilima ataendelea kuwa na mlango uliofunguliwa Mwanhuzi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuja kukuarifu.

Asili ya njia ninayoieleza kila Mtanzania anaifahamu, maana ni ileile ya barua ya utambulisho. Mtu akienda kufungua akaunti ya benki au kuomba huduma mahali asipojulikana, huambiwa alete barua kutoka kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa wake; karani wa benki hamjui mgeni, wala hana haja ya kwenda kijijini kuuliza, bali huangalia barua imetoka ofisi gani, imeandikiwa nani, ni ya tarehe ipi, na kama sahihi na muhuri ni vya kweli. Kisha, na hapa ndipo penye kiini cha mambo yote yatakayofuata, karani yule akikwisha kuridhika kwamba mgeni ni nani, huamua kwa kanuni za benki yake mwenyewe atampa nini. Mtendaji wa kijiji hana usemi katika hilo. Mamlaka ya kusema mtu ni nani ni ya taasisi yake, na mamlaka ya kusema afanye nini ndani ya programu ni yako, na takriban kila balaa niijuayo katika kazi hii imezaliwa na mambo hayo mawili kuchanganywa.

Kwa upande wa itifaki, mbili ndizo utakazokutana nazo. Ya kwanza ni SAML, ambayo toleo lake la 2.0 lilipitishwa na jumuiya ya OASIS mwezi Machi 2005, na ambayo ndiyo iliyojenga mashirikisho ya vyuo vikuu ulimwenguni yanayounganishwa na eduGAIN. KENET ya Kenya na RENU ya Uganda ni miongoni mwa mitandao ya elimu iliyoingia katika muungano huo. Ya pili ni OpenID Connect, iliyotangazwa rasmi Februari 2014, nayo imejengwa juu ya OAuth 2.0 ya mwaka 2012. Zingatia kwamba OAuth peke yake haikuundwa kumtambulisha mtu, bali kuiruhusu programu moja ifikie mali ya mtu iliyomo katika programu nyingine. Kwa hiyo anayepokea tokeni ya OAuth na kuichukulia kuwa ni ithibati ya mtu amepokea kibali cha kufungua ghala akakidhania kuwa kitambulisho. Rai yangu kwa kazi mpya ni OpenID Connect, isipokuwa pale taasisi unayoitegemea haisemi lugha nyingine ila SAML, na hata hapo ni afadhali uweke kati programu ya upatanishi, kama Keycloak, ambayo hutolewa bure pamoja na msimbo wake wazi, ipokee SAML upande mmoja na kukupa OpenID Connect upande wa pili.

Usithubutu kuandika mwenyewe sehemu inayohakiki sahihi. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani, Juraj Somorovsky na wenzake, waliichunguza mifumo 14 mashuhuri ya SAML, wakaona 11 kati yake ikiweza kudanganywa kwa kuizungushia sahihi ya kweli maneno ya uongo. Na hiyo ilikuwa kazi ya mafundi waliobobea. Tafuta maktaba inayotunzwa na watu wengi, uitumie kama ilivyo, na uiwekee masasisho kila yatolewapo.

Kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo, andika barua. Taasisi inayotoa utambulisho haina budi kukusajili, na katika usajili huo mtaafikiana mambo machache yaliyo mazito: anwani ya kurejea, yaani ukurasa wa programu yako ambako mtu atarudishwa akikwisha kutambuliwa, jina la programu yako katika daftari lao pamoja na siri inayokwenda nalo, na taarifa gani za mtu watakazokukabidhi. Anwani ya kurejea iandikwe nzima, herufi kwa herufi, ianze na https, wala usikubali ile desturi ya kuweka alama ya nyota ili kila ukurasa ukubalike, maana mwizi akipata ukurasa mmoja dhaifu chini ya nyota hiyo atazielekeza barua za watu kwake. Siri nayo isiwekwe ndani ya msimbo wala kutumwa katika kundi la WhatsApp la ofisi. Ikae katika mazingira ya seva, isomwe na programu peke yake. Na katika taarifa, omba kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na akusanye kwa madhumuni yaliyo bayana. Daftari la pamba halihitaji tarehe ya kuzaliwa ya afisa ugani wala picha yake, basi usiviombe, kwani usichokuwa nacho hakiwezi kuibwa kwako.

Safari yenyewe huenda hivi. Mtu akibofya kitufe cha kuingia, programu yako humpeleka kwa mtoa utambulisho huku ikimfungia safarini vitu vitatu vya nasibu: neno liitwalo "state", ambalo lazima lirudi kama lilivyo ili ujue kwamba anayerejea ndiye uliyemtuma, neno "nonce", litakaloandikwa ndani ya tokeni yenyewe ili tokeni ya jana isiletwe leo, na alama inayotokana na siri ya muda ambayo programu yako itaifichua baadaye tu, utaratibu uitwao PKCE, uliowekwa mwaka 2015. Huko mtu huingiza nywila yake mbele ya taasisi yake, si mbele yako. Akirudi, huja na msimbo mfupi usio na maana kwa mtu mwingine, na seva yako, kwa njia ya nyuma isiyopita katika kivinjari, hubadilisha msimbo huo kwa tokeni ya utambulisho. Zipo njia za kale ambazo kwazo tokeni ilitumwa moja kwa moja katika anwani ya kivinjari; ukiziona katika mafunzo ya zamani, zipite.

Tokeni ikifika, isome kwa jicho la karani wa benki. Neno "iss" ndani yake linakwambia imetoka ofisi gani, na sharti lifanane kabisa na jina la taasisi uliyoafikiana nayo. "Aud" linakwambia imeandikiwa nani, na isipokuwa na jina la programu yako ikatae, hata kama kila kitu kingine ni cha kweli, kwa kuwa tokeni halali iliyoandikwa kwa programu nyingine si ruhusa ya kuingia kwako. "Exp" ni mwisho wa uhai wake. Na sahihi huhakikiwa kwa ufunguo wa umma ambao mtoa utambulisho huutangaza katika anwani yake maalumu. Ufunguo huo usiunakili ukaubandika katika msimbo wako, kwani hubadilishwa mara kwa mara, na siku ubadilishwapo watu wote watakataliwa. Programu na iusome kule ulikotangazwa, iuweke kwa muda, na iurejee kila ikutanapo na sahihi ya ufunguo isioujua. Aina ya sahihi pia iamuliwe na wewe katika mipangilio, isiamuliwe na tokeni, maana zimewahi kuwako maktaba zilizokubali tokeni iliyojitangaza kuwa haina sahihi hata kidogo.

Liko jambo moja ambalo vitabu vya ughaibuni hulipitia kwa sentensi moja, nalo katika miji yetu linastahili aya nzima, nalo ni saa. Tokeni huishi dakika chache, na uhai wake hupimwa kwa sekunde za saa ya ulimwengu. Seva iliyoko katika chumba cha ofisi, ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa, umeme ukikatika na kurudi huamka na tarehe ya miaka iliyopita, na hapo kila tokeni itaonekana kuwa imeandikwa kesho kutwa, na hata vyeti vya https vitaonekana havijaanza kazi. Watu watakwambia mfumo umeharibika, nawe utatafuta kosa katika msimbo usio na kosa. Badili betri ile, washa huduma ya kulinganisha saa na mtandao, kama chrony, na katika maktaba yako ruhusu tofauti ya dakika moja au mbili, isizidi tano. Kadhalika hakikisha kwamba hakuna mahali programu inapolinganisha muda wa tokeni na saa ya Afrika Mashariki kana kwamba ni kitu kimoja. Saa yetu imetangulia ile ya ulimwengu kwa saa 3, na tokeni ya saa moja itahesabiwa imekufa kabla haijafika.

Sasa tumefika pale ambapo mafundi wengi huteleza: mtu huyu utamkumbuka kwa jina gani atakaporudi kesho? Jaribio la kwanza la kila mmoja ni anwani ya barua pepe, kwa kuwa inasomeka na inaonekana kuwa ya mtu mmoja. Hadhari sana. Mwezi Juni 2023 wataalamu wa kampuni ya Descope walidhihirisha udhaifu walioupa jina la nOAuth, ambao kwao mtu mwenye mamlaka juu ya akaunti za shirika lake katika mfumo wa Microsoft aliweza kujiandikia barua pepe ya mtu mwingine yeyote, akaingia katika programu zilizomtambua mtu kwa barua pepe, akawa ndiye. Nambari ya simu si bora zaidi, maana laini iliyoachwa bila ya kutumiwa hurudishwa sokoni na kupewa mwingine. Na jina la mtu ndilo dhaifu kuliko yote, hasa katika Usukuma ambako kina Masanja na kina Shija wamejaa katika kila kijiji, na jina moja huandikwa kwa namna tofauti katika kadi mbili za mtu yuleyule. Ufunguo wa kweli ni jozi: "iss" pamoja na "sub", yaani taasisi iliyomtambulisha na nambari ambayo taasisi hiyo imempa yeye peke yake na haitampa mwingine. Jozi hiyo ndiyo uiweke katika hifadhidata kuwa kitambulisho cha akaunti. Barua pepe, simu na jina viandikwe kando kwa ajili ya kuonyeshwa tu, navyo vibadilike kila mtu aingiapo bila ya kugusa asili yake.

Ikitokea kwamba mtu mmoja ana akaunti mbili, mathalani afisa ugani aliye pia mwanafunzi wa jioni, zisiunganishwe kwa kufanana kwa barua pepe. Muunganisho ufanywe na yeye mwenyewe, akiwa ameingia kwa akaunti ya kwanza, kisha akathibitisha ya pili papo hapo.

Mtu akikwisha kutambuliwa, bado hana haki yoyote. Hapa ndipo ninapokuomba uwe mkaidi. Wako watakaokushauri kwamba yeyote mwenye akaunti ya halmashauri aingie na kuona kila kitu, kwa hoja kwamba taasisi imemdhamini. Lakini dereva wa halmashauri na mhasibu wake wote wana akaunti, na uzito wa pamba ya mkulima, ambao ni hesabu ya fedha zake, si habari ya kila mwenye akaunti. Tengeneza jedwali lako la ruhusa, ambamo kila jozi huunganishwa na kazi na mipaka yake: karani wa chama fulani, kuandika, chama chake tu; afisa ugani, kusoma, kata yake tu; mkaguzi, kusoma vyama vyote, kuandika hapana. Aingiaye kwa mara ya kwanza akute ukurasa unaomwambia kwa adabu kwamba ametambuliwa na kwamba ombi lake linangoja idhini ya meneja wa chama, na meneja apate taarifa. Taasisi ikikuletea cheo cha mtu ndani ya tokeni, kitumie kumrahisishia meneja uamuzi, kisiwe ndicho uamuzi. Faida ya taasisi utaipata kwingine: mtumishi akiondoka kazini na akaunti yake kufungwa, mlango wako nao hufungwa siku hiyohiyo, kwa sharti kwamba vikao vyako havidumu kwa majuma.

Yule karani asiye na taasisi usimsahau, wala usimlazimishe afungue akaunti katika kampuni ya ng'ambo ili apate kupima pamba ya jirani zake. Chama kikuu cha ushirika, au kitengo cha TEHAMA kilichokubali dhima hiyo, kinaweza kuendesha Keycloak yake ndogo, ambamo makarani wanasajiliwa ana kwa ana, na kwa programu yako chama hicho kinakuwa mtoa utambulisho kama wengine. Iko na sababu nyingine ya kupenda mtoa utambulisho aliye karibu. Tarehe 4 Oktoba 2021 huduma za Facebook zilizimika kwa takriban saa sita duniani kote, na pamoja nazo mlango wa kila programu iliyokuwa ikiingiwa kwa akaunti za Facebook peke yake. Na tarehe 12 Mei 2024, katika mwezi ambao aghalabu msimu wa kununua pamba hufunguliwa, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania na jirani zake ikadhoofika mno. Fikiri hali ya seva iliyo ndani ya jengo la Mwanhuzi, nzima na yenye umeme, ambayo hakuna awezaye kuiingia kwa kuwa anayepaswa kusema huyu ni nani yuko ng'ambo ya bahari. Basi kikao cha karani kidumu siku nzima ya kazi, aliyeingia asubuhi asifukuzwe saa sita mchana. Na pawepo akaunti moja ya dharura isiyotegemea mtu wa nje, ambayo nywila yake ndefu imo ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri katika kasha la meneja, na kila matumizi yake yaandikwe na kuelezwa.

Siku nzima ya kikao, hata hivyo, inadai uangalifu katika kutoka, kwa sababu kompyuta ya chama hutumiwa na watu wengi. Mtu akitoka katika programu yako, hajatoka kwa mtoa utambulisho. Kivinjari bado kinamkumbuka kule, na anayekuja baada yake akibofya kitufe cha kuingia ataingia kwa jina la aliyeondoka bila ya kuulizwa neno. Kwa hiyo kitufe cha kutoka kimpeleke mtu mpaka kwenye mlango wa kutokea wa mtoa utambulisho, ikiwa anao, na kwa kompyuta za pamoja omba kwamba nywila iulizwe upya kila mara, ambalo OpenID Connect hulifanya kwa kuongeza "prompt=login" katika ombi la kwanza, kisha hakiki kwa "auth_time" ndani ya tokeni kwamba kweli aliulizwa. Jina la aliyeingia nalo lionekane juu ya kila ukurasa kwa herufi kubwa, ili karani alijue kosa kabla hajaandika kilo kwa jina la mwenzake. Kuki ya kikao isisomwe na hati za ukurasa, isitumwe ila kwa https, na sifa yake ya SameSite iwe Lax. Ukiweka Strict, neno la "state" ulilolihifadhi humo halitakuwapo mtu arudipo kutoka nje, nawe utahangaika bure.

Programu ikikamilika, usiijaribu kwa kuingia tu, kwani kuingia ndilo jambo jepesi. Ijaribu kwa kukataliwa: iletee tokeni iliyokwisha muda, tokeni iliyoandikwa kwa programu nyingine, tokeni iliyobadilishwa herufi moja, msimbo uliotumika mara mbili, "state" ya kivinjari kingine, mtu aliyetambuliwa lakini hana ruhusa, na mtu ambaye akaunti yake imefungwa na taasisi asubuhi ileile. Kila moja sharti likataliwe kwa maneno ya Kiswahili yanayomwambia mtumiaji afanye nini na amwone nani, huku sababu ya kitaalamu ikiandikwa katika kumbukumbu za seva, bila ya kuandika tokeni yenyewe humo. Hayo yakitimia, fungulia kwanza chama kimoja, juma moja kabla ya mizani kuanza kazi, ukae karibu na karani wake mpaka ameingia, ametoka, na ameingia tena kwa mkono wake mwenyewe. Vyama vingine vifuate kimoja kimoja, kila meneja akiisha kuijaza orodha yake ya ruhusa.